RAM imepanda bei na mteja hajui: kuuza kompyuta za gemu bila kula mtaji

Leo naongea na wale wanaouza kompyuta na vipuri kwenye stetasi, Facebook na Instagram, hasa nyie mnaowafungia vijana mashine za gemu. Kama bei ulizoandika mwezi wa tisa 2025 bado zipo kwenye katalogi yako ya WhatsApp, nenda kazifute kwanza ndo uendelee kusoma. Sitanii. Kuna wenzetu wanauza kila siku, simu hailali, wateja wanawasifia bei nzuri, halafu mwisho wa mwezi wakitaka kuagiza mzigo hela haitoshi. Wanadhani kuna mtu anawaibia dukani. Hakuna mwizi, ni bei tu.

Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda dunia nzima kwa namna ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona tangu tuanze biashara. Marekani, RAM za DDR5 za GB 32 ambazo katikati ya 2025 zilikuwa zinauzwa karibu dola 100, mpaka mwaka unaisha zilikuwa zimepita dola 300. SSD nazo zikafuata. Kadi za grafiki nazo zina memori ndani yake, kwa hiyo haziwezi kubaki salama. Sasa wewe upo Ngara au Biharamulo, unaagiza Kariakoo, Kariakoo wanaagiza Dubai au China, na kila mkono unaopita mzigo unaongeza cha kwake. Likitikisika huko, huku kwetu linafika limeshakuwa kubwa zaidi.

Hii imetoka wapi?

Mteja atakuuliza hili swali, na ukimjibu "dola imepanda" umemdanganya na kesho atajua. Kwa hiyo elewa vizuri.

Chipu za RAM duniani kwa sehemu kubwa sana zinatengenezwa na kampuni tatu tu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Hao watatu wakigeuza uso upande mmoja, soko lote linahisi. Na wamegeuza kweli. Kampuni zinazojenga akili mnemba, hizi AI kama ChatGPT, zinajaza majengo makubwa ya serva, na zile serva zinahitaji memori ya aina ya pekee inaitwa HBM. Micron wenyewe walishasema kwamba kutengeneza HBM kunakula nafasi ya kiwanda karibu mara tatu ukilinganisha na kiasi kilekile cha DDR5. Yaani kila GB moja inayoenda kwenye serva ya AI, ni kama GB tatu za kwetu zimeondoka sokoni. Oktoba 2025 Samsung na SK Hynix wakatangaza makubaliano na OpenAI, ile kampuni ya ChatGPT, na hesabu iliyotajwa ilikuwa inafika hadi sahani 900,000 za silikoni kwa mwezi. Halafu Desemba 3, 2025 Micron wakatangaza kwamba wanafunga biashara ya Crucial, ile chapa yao ya RAM na SSD za watu wa kawaida, na kwamba wataendelea kusambaza mpaka Februari 2026 basi. Crucial ilikuwepo karibu miaka 30. Kama ulikuwa na mteja anayetaka Crucial tu, mzoeshe chapa nyingine.

Mwingine atakwambia "mimi sihusiki, nauza DDR4 za zamani." Unahusika. DDR4 zilianza kupanda hata kabla ya hapo, katikati ya 2025, kwa sababu viwanda vilitangaza kwamba vinapunguza kuzitengeneza. Kuna kipindi bei ya chipu za DDR4 ilizipita za DDR5, kitu cha ajabu kabisa, kama mtumba kuuzwa kuliko nguo mpya.

Hata watu wa kutengeneza vifaa wamesalimu amri. Raspberry Pi, zile kompyuta ndogo za wanafunzi, Desemba 2025 waliipandisha ile yenye GB 16 kutoka dola 120 mpaka 145 na wakasema wazi kwamba sababu ni memori. Kwa hiyo mteja akikutuhumu kwamba umejipandishia tu, una mfano wa kumwonyesha.

Mzigo ujazwe stoo au usijazwe?

Hapa nataka niwe mkali kidogo maana nimeona ushauri unazunguka kwenye magrupu: "kopa ujaze RAM, itapanda tena, utauza bei mara mbili." Usikope. Hasa usikope kausha damu ya kurudisha kila wiki ili uweke RAM kabatini.

Biashara ya memori ina tabia ya kupanda na kuporomoka, na haianzi leo. Mwaka 2011 mafuriko ya Thailand yalizamisha viwanda vya hadi diski, vikiwemo vya Western Digital, bei ikaruka kwa wiki chache tu, baadaye ikatulia. Mwaka 2021 kadi za grafiki zilikuwa hazishikiki, RTX 3060 iliyotangazwa kwa dola 329 watu walikuwa wanainunua kwa karibu mara mbili yake, kwa sababu wachimbaji wa sarafu za mtandaoni walikuwa wanazikomba. Septemba 2022 Ethereum ikabadilisha mfumo wake, uchimbaji wa kadi ukafa, na kadi zilizotumika zikamwagika sokoni. Waliokuwa wamejaza stoo waliumia vibaya. Na RAM yenyewe mwaka 2023 ilikuwa ya kutupa, viwanda vilizalisha kupita kiasi mpaka wakawa wanapata hasara.

Viwanda vipya vya chipu vinachukua miaka kujengwa, kwa hiyo sioni bei ikishuka kesho asubuhi. Lakini hakuna atakayekupigia simu siku inaanza kushuka. Mtu mwenye mkopo wa wiki hawezi kusubiri soko la miaka. Mzigo wa kutosha oda zako za wiki tatu au nne unatosha. Ukiwa na hela yako mwenyewe isiyo na haraka, ongeza kidogo. Basi.

Bei ya kurudisha mzigo

Hii ndo sehemu iliyonifanya niandike. Wengi wetu tunapanga bei kwa kuangalia tulinunua shilingi ngapi. Bei zikiwa zimetulia njia hiyo haina shida. Bei zikiwa zinapanda, inakula mtaji taratibu na wewe unacheka.

Chukua mfano, namba ni za kuelezea tu usizinukuu kama bei ya soko. Tuseme una mashine ya gemu imekugharimu 790,000 jumla. Ndani yake RAM ya GB 16 ulinunua 90,000 na SSD 80,000. Unaiuza 900,000, faida 110,000, umefurahi, umenunua soda. Unaenda kuagiza nyingine kama hiyo. RAM sasa ni 200,000, SSD ni 130,000. Mashine ileile inakugharimu 950,000. Ile 900,000 uliyopokea, pamoja na faida yote, hainunui mashine ileile. Unatakiwa kuongeza 50,000 kutoka mfukoni ili tu urudi ulipokuwa. Ulikuwa na mashine moja, umeuza, na sasa huna hela ya mashine moja. Hiyo biashara gani?

Kwa hiyo kabla hujamtajia mteja bei, uliza leo hii muuzaji wako wa jumla: "Nikitaka hii hii sasa hivi utaniuzia ngapi?" Hiyo ndo bei ya kuanzia kuhesabu, halafu weka nauli ya mzigo, makato ya kutuma hela, na faida yako. Haijalishi ile iliyopo kabatini ulinunua bei gani. Kama ulinunua kwa bei ya zamani na roho inakusuta, mpunguzie kidogo mteja wako wa siku zote, lakini ujue unampunguzia nini. Usipunguze bila kujua.

Na kitu kingine wengi hawakiangalii: zile mashine za zamani ulizonazo dukani, zile mbovu zilizokaa chini ya meza, zina RAM ndani. Desktopu iliyokufa mazabodi lakini ina RAM mbili za DDR4 za GB 8 sasa hivi inaweza kuwa na thamani kuliko desktopu nzima ya DDR3 inayowaka. Kafungue. Andika kwenye daftari: mashine ipi ina RAM gani, GB ngapi, ipo kwenye nafasi ngapi. Mtu akija kununua "ile mbovu" kwa 40,000 ujue kwanza anafuata nini ndani.

Hapohapo niseme la mafundi. Bei ikipanda, wizi mdogo nao unapanda. Kompyuta inaingia kwa fundi ina GB 16 inatoka na 8, mteja hajui mpaka gemu ianze kukwama. Ukipokea mashine ya mtu kwa matengenezo, piga picha RAM ikiwa ndani na namba zake za siri zinaonekana, mtumie mwenye mashine kwenye WhatsApp palepale mbele yake. Inakulinda wewe kuliko inavyomlinda yeye. Na ukituma mashine kwa fundi wa mjini, fanya vilevile.

Kumwambia mteja

Watu wanaogopa hii kuliko kitu chochote. Meseji zinakuja hivi:

"Dada mambo, ile mashine ya gemu ya laki tisa bado ipo?"

Mteja huyu aliiona mwezi wa nane, amekusanya hela kidogo kidogo mpaka imetimia. Ukimjibu tu "sa hivi ni milioni moja na laki moja" atakublock na kukusema kijiweni. Mimi nimeona inasaidia kumgawia bei vipande vipande badala ya kumpa jumla. Kitu kama hiki, unaweza kunakili ukabadilisha namba:

"Poa kaka, karibu. Mashine ipo. Boksi, mazabodi, prosesa na pawa saplai bei yake haijabadilika, ni ileile niliyokwambia. Kilichopanda ni RAM na SSD, zimepanda dunia nzima. Una njia mbili: uchukue sasa na GB 8 kwa hela uliyonayo, na nafasi ya pili ya RAM ibaki wazi utaongeza baadaye, au uongeze kiasi hiki upate GB 16 kamili. Bei hii ni ya mpaka Ijumaa."

Angalia vitu vitatu vilivyomo humo. Mteja anaona kwamba hujapandisha kila kitu. Anapewa njia ya kutumia hela aliyonayo. Na bei ina mwisho. Hiyo ya mwisho usiiache kamwe, kila bei unayotuma iwe na siku yake ya kufa. Mimi naona siku tatu zinatosha, kwa sababu hata wa jumla siku hizi hawakushikilii bei zaidi ya hapo.

Advansi nayo. Zamani ilizoeleka kuchukua advansi yoyote, elfu hamsini, laki. Sasa hivi advansi iwe angalau inatosha kununua RAM na SSD za mashine hiyo, na ukishaipokea nunua RAM siku hiyohiyo. Usiizungushe kwenye mambo mengine ukidhani utanunua wiki ijayo. Mwandikie mteja wazi: "Nimepokea kiasi hiki, nimeshanunua RAM, picha hii hapa." Ukishanunua, bei ya mteja haibadiliki tena hata dunia ikigeuka. Kwenye miji midogo kama yetu, mtu mmoja akikwambia "yule aliniongezea bei baada ya kulipa", umemaliza. Ngara mjini, Kabanga, Rulenge, kote habari imefika kabla ya swala ya Ijumaa, na Biharamulo Jumapili wanaongea baada ya misa.

Jambo moja la kisheria kwa haraka. Kuna wauzaji wanaandika bei za vipuri kwa dola kwenye posti zao ili "bei isiyumbe". Serikali ilitoa kanuni Machi 2025 zinazokataza kupanga na kutangaza bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa zinazouzwa hapa nchini. Andika shilingi.

Sasa tuuze nini?

Ukweli ni kwamba wateja wetu wengi wa huku hawahitaji ile mashine wanayoiona YouTube. Muulize kwanza gemu gani anataka kucheza. Uliza kwa majina. Kijana anayesema "nataka gaming PC" mara nyingi ukimbana anataka GTA V, PES 2017, eFootball, San Andreas, na yale ya kuendesha mabasi na malori. GTA V toleo la zamani lilipendekeza Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 8 na kadi ya GTX 660 ya GB 2. Hiyo ni mashine ya kawaida kabisa. Toleo lake jipya la Machi 2025, lile linaloitwa Enhanced, linataka SSD na nguvu zaidi, kwa hiyo hakikisha mteja anajua anaongelea lipi. Anayetaka EA FC ya sasa ni mwingine kabisa: FC 25 kiwango cha chini ni GB 8 za RAM, kadi ya daraja la GTX 1050 Ti, na GB 100 za nafasi ya diski. FC 26 juu ya hayo inataka Secure Boot iwe imewashwa, jambo ambalo kwenye mashine za zamani linaweza kukusumbua siku nzima. Na yule anayekwambia anajiandaa kwa GTA VI, mwambie asinunue kompyuta kwa ajili hiyo. Imetangazwa kutoka kwanza kwenye PS5 na Xbox tu.

Kwa hao wengi wa kwanza, njia ya hela ndogo ni desktopu za ofisi zilizotumika. Na hapa kuna bahati imetokea. Oktoba 14, 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Ofisi za Ulaya na kwingineko zinaondoa mashine za kizazi cha sita na cha saba ambazo bado ni nzima, na hizo ndo zinakuja kama used. Kwa gemu hazina shida.

Lakini soma vizuri kabla ya kununua. Kizazi cha nne na cha tatu ni DDR3, ambazo bado zinapatikana kwa bei ya kueleweka ukilinganisha. Kizazi cha sita kina mtego: kuna mashine za DDR4 na kuna za DDR3L, na nje zinafanana. Mfano Dell OptiPlex 7040 inatumia DDR4 lakini 3040 na 5040 za mwaka uleule zinatumia DDR3L. Usiagize RAM kabla hujafungua boksi na kuona kibandiko. DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, pengo lake lipo sehemu tofauti, usilazimishe. Na RAM ya laptopu ni fupi, haiendi kwenye desktopu.

Boksi lenyewe pia. Yale mabapa membamba yanapendeza na nauli ya basi ni ndogo, ila kadi ya grafiki ya kawaida haiingii, inabidi ile fupi ya kimo, na pawa saplai yake ni ndogo. Dell 9020 nyembamba ina wati 255 tu, na waya wake mkuu wa umeme si ule wa kawaida wa pini 24, kwa hiyo huwezi kuchukua pawa saplai yoyote ukabadilisha. Chukua boksi kubwa la wima, na tafuta kadi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. GTX 1050 Ti na GTX 1650 nyingi zinakula wati 75 tu kutoka kwenye mazabodi yenyewe. Hizo mbili ndo mkate wa biashara yetu.

Kama mteja hana hela ya kadi kabisa, kuna prosesa za AMD kama Ryzen 5 5600G zenye grafiki ndani. Zamani nilikuwa nazipendekeza sana. Sasa hivi nafikiri mara mbili, kwa sababu grafiki hiyo inakopa RAM ya mashine, kwa hiyo inataka RAM nyingi, na RAM ndo imepanda. Ukizitumia weka RAM mbili za GB 4 kuliko moja ya 8. GB ni zilezile lakini mashine inasoma njia mbili kwa pamoja, na gemu utaona linabadilika.

Umeme nao. Waliokuwa Ngara na Biharamulo enzi za jenereta za dizeli za TANESCO wanajua tulikotoka, na sasa tuna mtambo wa Rusumo wa megawati 80 tunaogawana na Rwanda na Burundi. Ila kukatika na kurudi kwa kishindo bado kupo, hasa mvua zikianza. Mashine yenye vipuri vya bei hii usiiuze bila kumwambia mteja kuhusu stabilaiza au UPS. Unaongeza mauzo na unajiepusha na ugomvi wa waranti.

Feki zimeongezeka

Kitu kikipanda bei, feki inakuja mbio. Kuna RAM za bei nafuu za kutoka China zinazofanya kazi kwenye mazabodi za AMD tu, ukiweka kwenye Intel haiwaki kabisa. Wakati mwingine imeandikwa kwa herufi ndogo sana, wakati mwingine haijaandikwa. Ukiona DDR3 ya GB 8 bei ya chini kuliko wote sokoni, uliza hilo swali kwanza. Kuna kadi za grafiki za zamani sana zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Weka GPU-Z, ni ya bure, tangu 2018 inatambua kadi za namna hiyo na inakuandikia kwamba ni feki. Kuna SSD na flashi zinazodai TB 2 na ndani hakuna kitu, hizo zijaribu kwa H2testw, inaandika mpaka ijaze na kukupa ukweli. RAM iache usiku kucha na MemTest86. Vyote hivi ni vya bure, bando lako tu.

Rekodi video ya jaribio ukiwa na namba ya kipuri inaonekana, mtumie mteja kabla hujapeleka mzigo stendi. Mzigo wa basi kutoka Dar unapita Kahama, Nyakanazi, Lusahunga, siku nzima na zaidi barabarani, kadi inaruka ruka. Toa kadi ya grafiki kwenye mashine, ifunge peke yake, ndo utume. Kadi nzito ikisafiri ikiwa imechomekwa inavunja nafasi yake kwenye mazabodi.

Wale mnaotupia jicho Kigali kwa sababu Rusumo ipo mlangoni: sawa, linganisheni bei. Lakini msidhani kwamba kitu kikitoka Rwanda kinaingia bure kwa sababu ya Jumuiya. Ule utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo wa mipakani, wa mzigo usiozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Afrika Mashariki. RAM ya Korea iliyopitia Kigali bado ni ya Korea. Pita forodhani, tangaza mzigo, pata karatasi zako. Ukishaweka hesabu ya kodi na nauli ndo utajua kama kweli ni rahisi.

Mwenye kibanda

Mteja mkubwa kwenye biashara hii ya huku mara nyingi ni mwenye kibanda cha gemu, yule anayetoza kwa mechi au kwa saa. Mwaka jana kuna mmoja alitaka kuhama kutoka PS3 kwenda kompyuta nne. Nimekaa naye hesabu kwa bei za sasa. RAM na SSD za mashine nne peke yake zimekuwa kama bei ya mashine nzima ya ziada. Watoto wanaolipa mia tano hawatalipa elfu moja kwa sababu Samsung wamehamia kwenye AI.

Tulichofanya: mashine mbili badala ya nne, boksi kubwa, kizazi cha nne, DDR3, GB 8 kila moja, kadi za 1050 Ti used zilizopimwa, gemu za PES na GTA ya zamani. Televisheni nyingine mbili zikabaki kwenye konsoli. Kuna waliomshauri anunue PS5 mbili, nikamwonyesha kwamba hata Sony wenyewe Agosti 2025 walipandisha PS5 Marekani kwa dola 50, na Xbox walipandisha mara mbili mwaka huohuo. PS4 iliyotumika memori yake imo ndani tayari, ilishalipiwa zamani. Akatafuta PS4.

Faida yangu ilikuwa ndogo kuliko ambayo ningepata kwenye mashine nne mpya. Ila mashine mbili zinafanya kazi, analipa, na wiki iliyopita kaniuliza bei ya ya tatu. Nimempa bei ya mpaka Jumamosi.